Elfu Tano Kando ya Makato

Mutsamudu, Alhamisi, baada ya Alasiri

Mwanangu Anziza,

Salamu hizi zikukute umeshafika Moroni salama, umeshavua viatu na kunywa maji. Sasa hivi wewe na mama yako mko Patsy, kijijini kwetu mlimani, kuwaaga watu wangu. Nilisema siwezi kufuatana nanyi kwa kuwa nina kazi ya mizani. Sina kazi ya mizani. Nimebaki ili nikuandikie, kwa sababu jana nilikufokea mbele ya sahani ya wali, na neno lililostahili kusemwa likabaki kooni. Mimi nikisema nakasirika. Nikiandika nahesabu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ilivyo kawaida yetu. Ndicho nilichojifunzia kusoma Unguja nilipokuwa kijana mchukuzi wa magunia, na wewe ulikipokea kwangu hujaota meno. Kifaransa chako ni cha skuli na cha kazi. Hiki ni chetu sisi wawili. Tena Mjomba wako Saidi hakisomi vizuri, na leo jambo hilo lina faida yake.

Habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya nani wa kumwamkia kwanza katika nyumba utakayofikia, mama yako ameshakupa, na kesho kwenye uwanja wa ndege atakupa tena. Mimi nina jambo moja tu: ile karatasi uliyoniwekea mezani niitie saini.

Nimeisoma mara nne. Inasema makato ya mkopo wa nyumba yaache mshahara wangu yahamie kwenye wako, kuanzia mwezi wako wa kwanza wa kazi. Umeiandika vizuri. Umeweka nambari ya jalada, umeweka kiasi, umeacha nafasi ya saini yangu na ya karani. Sikuona pa kukosoa, na mimi ni mtu wa kukosoa. Jana ulisema, "Baba, nyumba ni yangu, basi na deni liwe langu." Kabla sijajibu, Mjomba wako akacheka kule kwenye mkeka wake. "Mwache mtoto alipe, shemeji. Mzani umeshachoka huo." Nikasimama, nikasema binti yangu hajengi nyumba yake kwa mshahara wake mimi nikiwa hai, nikatoka. Nilizunguka vichochoro vyote vya mji mpaka miguu ikaniuma. Niliporudi ulikuwa umenifunikia chakula.

Sasa nisikilize kwa utaratibu.

Unajua desturi yetu. Nyumba ni ya mwanamke. Baba hujenga, binti hukaa, mume huja na sanduku lake, na siku wakishindwana huondoka nalo. Mimi mwenyewe mwaka wa ishirini na mbili huu nalala katika nyumba ya mama yako, na sanduku langu liko chini ya kitanda. Sisemi kwa kulalamika. Nasema ili ujue kwamba mwanamume kwetu hana mahali pa kuonyesha jasho lake ila katika nyumba ya bintiye. Na mimi nilihitaji kuonyesha kuliko wengine. Nilipokuja kumposa mama yako, watu wa mji huu wa mawe walimwuliza babu yako kama mtu wa mlimani anajua kula kwa adabu. Niliuliza mahari ni kiasi gani, nikaitoa ndani ya wiki, noti juu ya noti, na hakuna aliyeuliza tena juu ya ulaji wangu. Lakini Mjomba wako hakusahau. Hata leo akiniona na bahasha huuliza kama Patsy siku hizi wanalipana kwa ndizi.

Ulipozaliwa nilikuwa bado nabeba. Ulipoanza skuli nilikuwa naandika uzito wa magunia ya karafuu kwa chaki ukutani, kwa sababu mpimaji wetu alikuwa hajui kujumlisha bila ya vidole. Ulipomaliza darasa la sita mpimaji nilikuwa mimi. Hakuna aliyenishika mkono kunipandisha. Nilipanda kwa kuwa jumla zangu zilitoka sawa kila jioni, na za wenzangu hazikutoka.

Basi nikachukua gofu la bibi yako mzaa mama, pale kichochoro cha chini ya ngome, lililokuwa limebaki kuta mbili na mpapai, nikaanza kulijenga. Kichochoro kile, unakijua, watu wawili wanene wakikutana mmoja hurudi nyuma. Kila mfuko wa saruji uliingia kwa bega. Ukuta wa kwanza niliusimamisha kwa pesa yangu, wa pili pia. Sakafu ya juu ikanishinda. Ndipo nilipokwenda kwenye ofisi ya mikopo, nikaweka hati ya kiwanja rehani, nikapewa faranga laki tatu.

Riba ninaijua ni nini, usinikumbushe. Niliijua siku ile pia. Sikwenda kwa sheikh kuuliza, maana asiyetaka jibu haulizi. Kosa hilo nimelibeba na nitaulizwa kwalo; lakini sikutaka uingie nyumba ya nusu. Kila mwezi elfu saba na mia tano hukatwa huko huko kwenye kampuni yetu ya karafuu kabla sijaushika mshahara wangu. Katika hizo, mwezi wa kwanza, elfu tatu zilikuwa za riba, na elfu nne na mia tano tu ndizo zilizopunguza deni. Hesabu hiyo niliipiga kabla ya kutia saini, tena mara mbili. Kwa hiyo sikudanganywa kuhusu mkopo. Nilijidanganya kuhusu ziada.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na hujawahi kuisikia yote.

Mwezi wa tano wa mkopo karafuu ilikuwa nyingi, kampuni ikatupa bahashishi. Nilichanganya na akiba yangu, nikapata elfu arobaini na tano. Nikajiambia: mtu mwenye deni akiwa na ziada asiilalie, apeleke. Mpaka hapo sikukosea. Lakini nilipeleka namna gani? Nilipeleka kama tunavyopeleka mchango wa harusi. Nilivaa kanzu na kofia. Nikachukua wazee wawili wa msikiti wetu wawe mashahidi. Tukaingia ofisini watu watatu, nikamhesabia karani pesa kwa sauti, moja baada ya moja, wazee wakiitikia kwa vichwa. Kwetu, pesa iliyosomwa mbele ya watu haipotei. Mtu akitoa elfu kumi harusini hutangazwa, na baada ya miaka kumi na tano, siku ya harusi ya mwanawe, vikongwe wasiojua hata tarehe ya leo watakuambia fulani alitoa elfu kumi, mrudishieni elfu kumi na nyongeza. Daftari letu ni masikio ya watu. Nikadhani na ofisi ina masikio.

Karani alitutazama, akatabasamu, akatupa stakabadhi ya mistari miwili. Wazee wakaniombea dua. Tukatoka.

Mwezi uliofuata mshahara ulikuja mzima. Hakuna makato. Na mwezi wa pili vile vile. Unajua nilifikiri nini, mimi mwenye hesabu? Nilifikiri wamenipa heshima. Katika michango yetu, aliyetoa kingi kwa mkupuo hupumzishwa kidogo kabla ya kuombwa tena. Nikasema, kumbe hata hawa ni watu. Miezi sita sikukatwa. Miezi sita nilitembea mji huu kifua mbele.

Na pesa ile ya miezi sita iliyokuwa ikirudi mkononi ilikwenda wapi? Uliiona kwa macho yako. Mjomba wako alimwoza mwanawe. Hizo zilikuwa siku za kiu. Ile serikali ya kabla ilikuwa imekataza harusi kubwa, kisha mamluki wakaja, wazungu wa kukodiwa wenye bunduki, wakaiangusha Moroni, na harusi zikarudi na ng'ombe wake, kila mtu akitaka kufidia miaka aliyonyamazishwa. Ilikuwa imeshapita miaka na kiu ilikuwa haijaisha. Msomaji wa michango akasimama uwanjani akaita, "Bakari wa Patsy, elfu kumi na tano!" Nikaona shingo za watu wa mji zikigeuka. Wallahi, mwanangu, elfu kumi na tano ilikuwa bei ya zile shingo, na siku ile nilidhani nimezipata rahisi; pesa iliyobaki ikaishia kwenye nguo na zawadi za harusi ile ile.

Kisha makato yakarudi, na wewe ukarudi likizo kutoka skuli.

Ulikaa mezani na karatasi ya ofisi inayoonyesha deni lililobaki, penseli sikioni kama ninavyoweka mimi. Halafu ukauliza bila ya kunyanyua kichwa, "Baba, zile elfu arobaini na tano ulizilipa kweli?"

Nikasema, "Unaniona mwongo?"

"Hapana. Lakini deni limefika pale pale ambapo lingefika kama usingezilipa."

"Umekosea kujumlisha."

"Basi jumlisha wewe."

Nilijumlisha. Nikajumlisha tena. Mama yako akaita chakula mara tatu. Ulikuwa umepata, na mimi mpimaji mkuu wa karafuu nilikuwa sijaona kitu kwa miezi minane. Nilikuambia uende ukalale. Sikukuambia umepata. Nakuambia leo: ulipata, na sijawahi kuona fahari kama ile, ingawa usoni nilionekana kama mtu aliyemeza ndimu.

Karani wa hapa alisema majalada yako Moroni. Ndiyo maana nilikwenda Moroni mwezi ule. Hukuambiwa, mama yako alisema nimekwenda kwa habari za mizani mipya. Meli haikufika gatini, pale kwenye bandari ya zamani hazifiki, tukashushwa kwa mashua, nami kanzu ikalowa mpaka magotini. Ofisini nikasimama safu kwa saa nzima. Kinzwani changu, lugha ya kisiwa chetu, kiliwachekesha wale vijana wa Moroni. Nikamwambia karani jambo langu.

"Mzee, jalada lako liko sawa," akasema.

"Sawa kwa nani?"

"Sawa kwa hesabu."

"Hesabu ndiyo kazi yangu. Nionyeshe."

"Hili ni daftari la ofisi, mzee, si sinia la wali kila mtu atie mkono."

Wakati ule ule mlango ukafunguka akaingia mmoja wa wale wazungu wa ulinzi wa rais, nguo nyeusi, bastola pajani. Safu yote ikajipasua yenyewe, na karani akainuka kwa haraka hata kiti kikaanguka, akamkimbilia mwisho wa kaunta na tabasamu ambalo sisi hatukuwa tumeliona. Mimi nilibaki pale pale. Si kwa ushujaa. Sikuwa na mahali pa kwenda. Na daftari likabaki wazi mbele yangu, limegeukia upande wa pili.

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima. Akaninong'oneza, "Geuza upesi, baba, mie nakukinga," akatandaza leso yake kama anayejifunga upya.

Nikaligeuza kwa kidole. Kifaransa sijui, tarakimu najua. Katika safu ya deni lenyewe, zile elfu arobaini na tano hazikuwemo. Zilikuwa pembeni, zimekatwa vipande sita vya elfu saba na mia tano, na kila kipande kimeandikiwa mwezi wake. Hawakupunguza deni hata senti siku ile niliyoleta. Waliziweka kando, wakawa wanajilipa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na riba ikiendelea kuhesabiwa juu ya deni kama kwamba sikutokea kabisa.

Karani akarudi. "Unafanya nini, mzee?"

"Nasoma habari zangu. Pesa yangu mmeiweka wapi?"

Akatazama. "Mbona iko hapa. Ulilipa mapema."

"Sikulipa mapema. Nililipa zaidi!"

"Ulilipa mapema, mzee. Kama ulitaka kulipa zaidi ungesema. Asiyesema sisi humhesabia miezi ya mbele na kumsimamishia makato. Wengi hufurahi."

"Nilikwenda na mashahidi wawili, watu wazima, wanaoswali safu ya mbele!"

"Mashahidi waliona pesa," akasema. "Nani aliandika kuwa ni za nini?"

Yule mama nyuma yangu akaguna, "Hapo kakukamata, baba," na wote tukacheka, hata mimi, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele za watu.

Kwenye meli ya kurudi nilipiga hesabu juu ya kifuniko cha kasha la mtu. Kama pesa ile ingeingia kwenye deni lenyewe siku ile ile, na makato yakaendelea bila ya kusimama, ingenipunguzia miezi tisa kule mwishoni. Badala yake niliuziwa miezi sita mwanzoni, na nikaila harusini. Pesa moja, siku moja, kaunta moja. Tofauti ni mstari mmoja wa wino ambao sikuuandika kwa sababu nilivaa kanzu nzuri na kuamini masikio ya watu.

Tangu hapo nimeongeza mara nne, elfu mbili elfu mbili, kila nilipojaaliwa. Sivai kanzu. Naenda na karatasi mbili zinazofanana, naandika: haya ni malipo ya ziada, yapunguze deni lenyewe, makato ya kila mwezi yaendelee kama kawaida. Karani anagonga muhuri zote mbili, moja naondoka nayo. Naenda siku chache kabla ya makato, si baada, kwa sababu riba yao huhesabiwa siku ya makato juu ya kilichokuwepo, na faranga iliyofika kesho yake imechelewa mwezi mzima. Mwisho wa mwezi natazama mshahara. Nikiona nimekatwa, nafurahi. Mama yako hudhani nimerukwa na akili.

Sasa turudi kwenye karatasi yako, na kwa nini sitaitia saini.

Jana ulidhani ni kiburi. Nusu ni kiburi, sikatai. Nusu nyingine ni hii: wewe unakwenda kulipwa na serikali. Serikali huahidi mwisho wa mwezi bila ya kusema mwezi upi. Wenzako wanakaa miezi miwili, mitatu, bila ya mshahara, unawajua kwa majina. Makato yakihamia kwako na mshahara usije, hapana cha kukata, na ofisi ile haitauliza serikali, itakuuliza wewe, pamoja na faini. Kampuni yangu ina mabaya yake mengi, ila siku ya malipo haijawahi kuruka. Tangu nichukue mkopo huu mawaziri wameingia na kutoka, makato hayakukosa mwezi hata mmoja ila ile sita niliyoisimamisha mwenyewe kwa ujinga. Kitu kama hicho hakisogezwi. Mkono husahau, mkono huumwa, mkono huenda harusini. Makato hayana mahali pa kwenda.

Lakini ziada haidai mtu. Mwezi ulionao, unaweka. Mwezi usio nao, unaruka, na hakuna wa kukugongea mlango. Ndiyo maana ziada ni ya mtu kama wewe mwenye mshahara wa bahati, na makato ni ya mtu kama mimi mwenye mshahara unaokuja kama saa.

Ningeweza kuishia hapo ukaridhika. Nina jambo la pili, na ndilo lililonifanya nisiende Patsy leo.

Wiki mbili zilizopita meneja aliniita. Wanaleta mizani ya kujiandikia yenyewe. Watanibakisha kazini miezi kumi, msimu ujao upite, kisha ahsante. Sijamwambia mama yako. Mjomba wako hajui. Aliposema mzani umechoka alikuwa anatania tu, lakini nilimwona kama mtu aliyeijua siri yangu. Ndiyo maana nilipaza sauti. Sikukufokea wewe, mwanangu. Niliifokea ile miezi kumi.

Hesabu yake ni hii, nawe utaihakikisha. Deni leo ni laki moja na elfu kumi. Kwa makato yangu peke yake linataka miezi kumi na sita. Mimi ninayo kumi. Mwezi wa kumi ukifika patabaki elfu arobaini na tatu na kidogo, mimi sina mshahara, na hati ya kiwanja cha bibi yako iko ndani ya kabati la ofisi. Nimeipiga kwa kila upande. Nilifikiria kuuza lile shamba la ndizi, nikafikiria kurudi kubeba. Nina miaka hamsini na mbili, gunia halitanitambua.

Kisha asubuhi hii, baada ya kuisoma karatasi yako mara ya nne, nikaandika pembeni: na kama pangekuwa na elfu tano za ziada kila mwezi, kando ya makato? Nikateremka safu kwa safu. Mwezi wa tisa panabaki elfu tatu na mia mbili hivi. Mwezi wa kumi deni linakufa, na makato yangu ya mwisho hata hayamaliziki yote. Miezi kumi, mwanangu. Sikuipanga mimi, hesabu ndiyo iliyosema.

Kwa hiyo nakuomba. Neno hilo sikuwahi kulitumia kwa mtu wa mji huu, hata kwa babu yako siku ya posa, nilisema "nimekuja". Nakuomba elfu tano kila mwezi unaopata mshahara. Ukichelewa mwezi, weka elfu kumi mwezi unaofuata, hesabu haitapotea sana. Usiniletee mimi. Ofisi kubwa iko huko huko Moroni, nenda mwenyewe kwenye kaunta ile, na karani yule akiwa bado yupo, mtazame machoni.

Usidhani nimeshindwa kukujengea. Nilidhani hivyo jana usiku kucha. Leo nimeona kitu kingine. Akina baba wa kichochoro chetu waliwapa mabinti zao nyumba na kuwaacha hawajui hata bei ya msumari. Mimi ninaye binti wa miaka ishirini na mmoja aliyenikamata kosa la elfu arobaini na tano kwa penseli, akapata kazi ya hesabu mbele ya watoto wa wakubwa bila ya mjomba wa kumpigia hodi kwa waziri, na siku ya kwanza ya kufikiria mshahara wake alifikiria deni la baba yake. Nimeshapima vitu vingi. Hicho sijui nikiweke kwenye mzani gani.

Mama yako nitamwambia habari ya miezi kumi leo mtakaporudi, mkishakula. Mjomba wako atajua atakapojua.

Karatasi yako nakurudishia humu ndani bila ya saini. Nyuma yake nimekuandikia yale maneno matatu ya ziada kwa mkono wangu, ili uyanakili kila mwezi: malipo ya ziada, yapunguze deni lenyewe, makato yaendelee. Chini nimetia saini yangu, mwenye mkopo, kwamba naruhusu upokewe. Wataona ni halali.

Pana nafasi moja nimeiacha wazi, ya jina la mlipaji. Usiandike "kwa niaba ya baba". Andika Anziza binti Bakari, kwa herufi kubwa, kila mara, kwenye kila stakabadhi, na uzitunze zote. Watu wa mji wakiniuliza nani aliyeijenga nyumba ile, nitawaambia tulikuwa wawili.

Baba yako,
Bakari